Nchi Iliyopandishwa Daraja

Kuna watu wanaolipwa kulima, kuna wanaolipwa kuzika, na kulikuwa na mmoja aliyelipwa na serikali kutafuta maneno ya kuiita nchi yake ili isionekane ina shida. Ofisini walimpachika jina la Bwana Hadhi. Walimpachika kwa kejeli, yeye akalipokea kwa mikono miwili, na haukupita muda akawa analitumia mwenyewe kwenye simu.

Ofisi yake iliitwa Kitengo cha Hadhi ya Taifa, nayo ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la wizara. Lifti ya jengo hilo ilikufa zamani. Mlangoni pake palibandikwa karatasi isemayo "Lifti hii iko katika hatua za maboresho", na karatasi yenyewe ilikuwa imeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Maneno hayo aliyatunga Bwana Hadhi. Kabla yake palikuwa na kibao cha "Lifti mbovu", akaking'oa kwa mkono wake, akasema kinawavunja wageni moyo. Wageni wakawa wanapanda ngazi wakihema kama punda wa mizigo, lakini mioyo yao, kwa maelezo yake, ilikuwa mizima.

Ukutani nyuma ya meza yake alitundika methali iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu: Jina jema hung'ara gizani. Giza halikukosekana, maana umeme wa jengo lile ulikuja ukitaka. Ila katika barua za Kitengo, umeme haukuwahi kukatika hata siku moja. Ulikuwa unapumzishwa.

Kitengo kilikuwa na sheria moja ambayo karani mpya alifundishwa kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Neno "maskini" halitamkwi. Anayelitamka, awe karani au mkurugenzi, siku hiyo anawachemshia wenzake chai. Na si la kuitia nchi tu, hata lile la kumwonea mtu huruma. Mhudumu wa ofisi alipofiwa na mumewe, karani mmoja alijisahau akasema, "Maskini weee!" Alichemsha chai, na mfiwa mwenyewe akamsaidia kubeba vikombe. Bwana Hadhi alikunywa, akaongezewa, akasema sheria ni msumeno.

Neno hilo alikuwa na kisa nalo. Akiwa mtoto, mwalimu alisimama mbele ya darasa akasema, "Wanafunzi maskini wabaki, kuna viatu vya msaada." Alibaki. Viatu vilimtosha vizuri, neno ndilo lililombana. Mtu mwingine angekua na hamu ya kuona hakuna mtoto anayekosa viatu. Huyu alikua na hamu ya kuona hakuna anayelitamka lile neno, na serikali ikampa mshahara kwa kazi hiyo.

Kabatini alihifadhi karatasi za barua za zama zote, zenye majina yote ambayo nchi yake na wenzake waliwahi kubandikwa. Walianza na "nchi zilizo nyuma". Watu wakanuna, nyuma ya nani? Ikaja "nchi changa", ikapendeza, mpaka mtu akauliza mbona wazee wanazikwa kila siku katika nchi changa. Ikaja "dunia ya tatu", nayo ikazua zogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukutana sokoni na mtu wa dunia ya pili wakajuliana hali. Ikaja "nchi zinazoendelea", hiyo ikadumu kuliko zote, kwa sababu haikutaja safari inaishia wapi. Zikafuata "nchi za kusini", hata kwa nchi zilizoko kaskazini, kisha "nchi za kipato cha chini". Kila jina lilipobadilishwa, mihuri ilichongwa upya, mabango yalichapwa upya, na semina ilifanyika hotelini. Bomba la maji la mtaa wa nyuma ya wizara halikubadilishwa kamwe, maana lenyewe lilikuwa na jina moja tu.

Waliokuwa na kauli ya mwisho katika mambo haya ni watu walioitwa Wapimaji. Hawa walitoka mbali, wakakaa hotelini, wakaipima nchi kwa takwimu ilizowapa yenyewe, kisha wakaipanga katika kundi: la Mwisho, la Kati, au la Juu. Nchi ya Bwana Hadhi ilikuwa Kundi la Mwisho tangu makundi yalipoanza. Kuitoa humo ndiyo ilikuwa ndoto ya maisha yake, na sasa ilikuwa imekaribia. Mwaka ule takwimu zilikuwa zimenona. Alizinenepesha yeye.

Aliyemlea Bwana Hadhi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani. Mama yao alifariki mapema, msichana akaacha shule akakaa kwenye cherehani, na kwa mguu ule ule aliokanyagia pedali alimsomesha mdogo wake mpaka akapata shahada ya maneno marefu. Kwake yeye hakuwa Bwana Hadhi wala mheshimiwa. Alikuwa Kitinda, kwa kuwa ni kitindamimba, na angebaki Kitinda hata angekuwa mfalme.

Sasa figo za dada zilikuwa zimechoka. Siku zake za zamu alikwenda hospitali ya serikali, kwenye ukumbi wa mashine za kusafisha damu. Mashine ilivuta damu, ikaipitisha kwenye kichujio, kibomba cha plastiki kinachoenea kiganjani, ikamrudishia. Bila kichujio mashine ile ni kabati tu, tena kabati lisilo na rafu. Vichujio vilikuja bure, kwenye maboksi yaliyopigwa chapa kubwa: Msaada kwa nchi za Kundi la Mwisho.

Bwana Hadhi alikuwa amekaa kando ya maboksi hayo kwa muda mrefu. Aliwahi hata kuyaegemea akisoma gazeti.

Wiki chache kabla ya Wapimaji kutoa uamuzi wao, alimpeleka dada yake kwenye zamu kwa gari la ofisi. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kwenye masikio. Akavuta stuli karibu na kitanda, suti imenyooka, akaanza kusimulia.

"Dada, tunatoka Kundi la Mwisho. Tunaingia Kundi la Kati. Hakuna tena mtu wa kutuita nchi duni."

"Ee. Sasa tutaitwaje?"

"Nchi inayoinukia."

Dada akautazama mrija uliokuwa ukiichukua damu yake. "Si tulikuwa inayoendelea?"

"Hiyo imepitwa na wakati."

"Mimi nilikuwa naipenda. Daktari akipita hapa anasema, huyu mgonjwa anaendelea vizuri. Nikawa najiambia, kumbe mimi na nchi yangu tumelazwa wodi moja."

Wanawake wa vitanda vya jirani wakaangua kicheko. Bwana Hadhi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana utani juu ya istilahi ulimuuma kama utani juu ya mama yake. Hapo ndipo akaja muuguzi wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji, ameshika kichujio mkononi.

"Mheshimiwa, wewe ni mtu wa huko juu, nikuulize. Dereva anayeleta haya maboksi ananiambia tukipandishwa daraja yeye haji tena. Ni kweli, au ni umbea wa madereva?"

"Hakuna kitakachokatika," Bwana Hadhi alijibu kwa sauti ya redioni. "Kutakuwa na kipindi cha mpito."

"Mpito ndiyo nini?"

"Ni wakati ambapo huduma zinahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine."

"Sasa hapo zikiwa njiani zinahama, huyu dada yako nimchujie na nini? Na kichujio cha chai?"

Vitanda vikacheka tena, ila safari hii dada hakucheka. "Kitinda, si umesema hakuna kitakachokatika?"

"Hakuna, Dada."

"Basi, nesi, mwache mdogo wangu. Huyu hajawahi kunidanganya. Hata alipovunja sindano ya cherehani alikuja kusema mwenyewe, machozi yanamtoka."

Bwana Hadhi alirudi ofisini, akapanda ngazi zote za maboresho, akafungua masharti ya Wapimaji. Hakikuwa kitu kilichofichwa. Alikijua, kwa sababu aliyeyatafsiri masharti hayo ni yeye. Wapimaji waliandika wazi kabisa kwamba nchi itakayopanda itaacha kupewa bure dawa na vifaa vya tiba, na itajinunulia kwa bei ya soko. Yeye alipoikuta sentensi hiyo iko uchi aliionea aibu akaivisha: "Nchi itafurahia uhuru kamili wa kujichagulia dawa na vifaa vya tiba katika soko la dunia." Waziri alipoisoma aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu ya furaha. Bungeni walipiga makofi, na mheshimiwa mmoja akasimama kuuliza kwa nini uhuru huo umecheleweshwa hivyo.

Na mtunzi mwenyewe? Hapa ndipo mtu anaposhindwa acheke au ateme mate. Mtunzi alikuwa ameuvalisha uongo nguo nzuri mno hata akakutana nao njiani, akausalimia, asijue kuwa ni mtoto wake. Aliamini kweli kwamba wanakwenda kuwa huru. Mpaka muuguzi aliposhika kile kibomba cha plastiki mbele ya pua yake.

Tusimnyime haki yake, aliogopa kama mtu. Alimpenda dada yake, na mara moja alimwona amelala kando ya lile kabati lisilo na rafu. Akashuka ghorofa moja kwenda kwa Katibu Mkuu wa wizara, mzee aliyekuwa na tabia ya kuchonga penseli ambazo hakuandikia chochote.

"Mkuu, kuna kipengele nilikitafsiri vizuri kupita kiasi," alisema.

Katibu Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho. Unga wa penseli ukamwagika mezani. "Kwa hiyo vya bure vinakwisha?"

"Ndiyo, mkuu."

"Waziri analijua hilo?"

"Anajua kwamba tutakuwa huru."

"Waziri ameshashona suti ya sherehe. Mabango yameshachapwa. Unataka niende nikamwambie, samahani, turudi mkiani?"

"Mkuu, dada yangu yuko kwenye zile mashine."

"Pole sana. Sote tuna dada." Akapuliza unga wa penseli. "Tafuta neno."

"Neno gani, mkuu?"

"Neno zuri la 'vimekwisha'. Wewe si ndiye Bwana Hadhi? Na nakuonya mapema. Siku ile utakaa meza kuu kwa sababu wewe ndiye msomaji wa shukrani. Mdomo wako ni wa kusomea tu. Tumeelewana?"

Katibu Mkuu hakumwonya bure. Wapimaji walikuwa na desturi yao. Kabla ya kugonga nyundo ya kuipandisha nchi, kiongozi wao huuliza kama nchi ina neno. Mtu yeyote wa meza kuu akisema "Tunaahirisha", jambo husogezwa mpaka upimaji mwingine, na nchi hubaki ilipo pamoja na misaada yake yote. Hakuna fomu, hakuna mjadala, hakuna anayeulizwa sababu. Lakini hakuna nchi iliyowahi kusema hivyo. Nani asimame mbele ya kamera kuomba abaki wa mwisho?

Kwa hiyo mtu aliyeishi kwa maneno sasa alihitaji neno moja tu, tena la bure. Nyumbani alijifunza kulisema mbele ya kioo cha bafuni, kwa sauti ya chini, mkewe asisikie. Lilitoka vizuri. Alikwenda kulala akiwa na hakika atalisema, akajisifu kwa ujasiri ambao bado hajauonyesha, na usingizi ukamchukua mnono.

Siku ya sherehe ukumbi wa hoteli ulipambwa kama wa harusi. Bango lilitanda ukuta mzima: NCHI INAYOINUKIA. Waziri alikaa na suti yake mpya inayong'aa mabegani, Katibu Mkuu kulia kwake, Bwana Hadhi mwisho wa meza. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na watoto wa shule waliovalishwa viatu vipya kwa ajili ya kamera, na baada ya picha viatu vikakusanywa. Bwana Hadhi aliviona vikirudishwa kwenye magunia. Akageuza uso.

Kiongozi wa Wapimaji alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, mpole, mwenye kuongea kama anayebembeleza mtoto. Wenyeji walimwita Mama Mpimaji. Alisifu takwimu, akasifu uongozi, akasifu hata ukarimu wa hoteli ambayo alikuwa analipia. Kisha akanyanyua nyundo ndogo ya mbao, akaishikilia hewani, akauliza, "Je, nchi ina neno?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya Bwana Hadhi. Kamera ilimgeukia, taa yake nyekundu inawaka, naye alijua upande wa pili wa taa ile kuna nini. Dada yake alikuwa amemwomba muuguzi apandishe sauti ya televisheni ya ukumbi wa mashine, amwone mdogo wake.

Akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini, aliiona hata ladha yake. Lakini masikioni mwake ilikuja sauti ya mwalimu wa zamani: wanafunzi maskini wabaki. Akajiona amebaki. Akaona ukumbi mzima ukitoka kwenda kucheza, na yeye mtu mzima mwenye suti amesimama mbele ya ubao, anangoja viatu. Waziri akakohoa. Katibu Mkuu hakumtazama hata kidogo.

"Nchi haina neno," Bwana Hadhi alisema.

Nyundo ikagonga. Watu wakasimama, vigelegele vikapaa, na yeye akasoma shukrani yake bila kukosea hata koma. Walisema baadaye kwamba haijapata kusomwa hotuba tamu kama ile. Walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka, na kilimkaa sawasawa.

Jioni alipita hospitali, tai bado shingoni. Dada alikuwa amechangamka.

"Nimekuona! Umependeza, ila tai ilikwenda upande. Nikawaambia hawa, huyo mnayemwona, kaptura yake ya kwanza nimemshonea mimi."

"Mlipiga makofi?" aliuliza, na hata yeye hakujua kwa nini ameuliza.

"Tulipiga, tena sana. Mkono mmoja uko kwenye mrija, tukawa tunapiga kwenye paja." Akaonyesha, akipiga paja lake kwa kiganja kimoja, na jirani zake wakafanya vivyo hivyo kwa kicheko, paa, paa, paa. Muuguzi alikuwa anahesabu maboksi kwenye kona. Yeye hakupiga.

Dereva hakuja tena. Alikuwa mkweli kuliko wizara nzima. Maboksi yaliyokuwepo yalipungua, na muuguzi akaanza kubana: zamu zikawa chache, kisha fupi, kisha vichujio vikawa vinaoshwa na kurudiwa mpaka vinabadilika rangi. Wagonjwa walivimba miguu, halafu nyuso. Kitanda cha kushoto kwa dada kikawa tupu. Kisha cha kulia. Wale waliokuwa wakicheka juu ya kichujio cha chai hawakuwepo tena, na katika taarifa ya wizara, ambayo Bwana Hadhi aliiandika mwenyewe, waliitwa "wanufaika waliohitimisha huduma".

Soma tena hilo. Mwenye nguvu ya kuliandika alikuwa na dada kwenye ukumbi ule ule.

Alihangaika, ndiyo. Alimpeleka dada yake hospitali ya binafsi mara kadhaa, mpaka gari la mkewe likauzwa na mkewe akaacha kumsemesha. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mshahara wake ulikuwa haujapandishwa daraja pamoja na nchi. Akasikia kwamba Mama Mpimaji amerudi kwa ajili ya semina. Akaenda hoteli ile ile, akamkuta sebuleni anakunywa chai.

"Mama, nimekuja kuomba vichujio vya damu. Vya muda tu."

"Lo, nasikitika," Mama Mpimaji alisema, na alisikitika kweli, alikuwa na uso wa kazi hiyo. "Kundi la Kati hawapewi. Wananunua."

"Hatuna cha kununulia."

"Takwimu zenu zinasema mnacho."

Bwana Hadhi alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama karibu yake kama mtu anayenunua magendo. "Mama," alinong'ona, "sisi ni maskini."

Mama Mpimaji aliweka kikombe chini. Uso wake uliumia. "Tafadhali. Neno hilo hatulitumii. Linadhalilisha watu. Na ofisi yako ndiyo iliyotuandikia tulifute. Hoja yenu ilikuwa nzuri sana, mpaka leo tunawafundishia wafanyakazi wapya."

"Basi nisemeje ili mnisikie?"

"Unaweza kusema mna changamoto."

"Tuna changamoto," alisema Bwana Hadhi haraka, kama mtoto anayerudia somo. "Tuna changamoto kubwa, Mama."

"Kila nchi ina changamoto," Mama Mpimaji alijibu kwa upole, akatazama saa.

Alikwenda hospitali kwa miguu. Mashine ya dada ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka mtu alikuwa ameweka ndoo. Dada amehamishiwa kitanda cha dirishani. Uso ulikuwa umevimba hata macho yakawa mistari, na kila pumzi aliivuta kama anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Alimtambua kwa hatua zake.

"Kitinda. Kaa."

Akakaa. Dada akasubiri pumzi, akaipata.

"Vile vitu haviji tena?"

"Zipo jitihada, Dada. Ngazi za juu wanalifanyia kazi."

"Sikuuliza jitihada." Akapumua. "Nina kitambaa cha watu nyumbani, nimekikata sijakishona. Lazima nijue. Niambie kama ulivyokuja kuniambia ile sindano. Nakufa?"

Kulikuwa na jibu, tena fupi, na hata mtoto wa chekechea angelisema. Alikuwa na deni la jibu hilo tangu siku ya stuli na suti iliyonyooka. Machozi yalimjaa, akamshika dada yake mkono uliovimba, akafungua mdomo wake uliozoea, na mdomo ukatoa ulichokuwa nacho.

"Dada," alisema, "uko katika kipindi cha mpito."

Dada alimtazama kwa yale macho ya mistari. Hakukasirika, hasira inataka pumzi. Taratibu akautoa mkono wake katika mikono ya mdogo wake, akauweka juu ya shuka.

"Niitie nesi," alisema. "Nataka mtu wa kuzungumza naye."

Bwana Hadhi alimwita. Muuguzi akavuta pazia, akaketi kitandani, na ile sauti yake ya kuamsha kijiji akaishusha, akamwambia dada kwa maneno machache ambayo watu wote huyajua. Dada akaomba maji, akanywa. Kisha akaanza kutoa maagizo yake kama fundi anayefunga duka: kitambaa kirudishwe kwa mwenyewe na asidaiwe kitu, mkasi apewe binti wa jirani, cherehani isiuzwe, apewe mtu atakayeikanyaga.

"Na mdogo wako?" muuguzi aliuliza. "Yupo hapo nje ya pazia. Una la kumwambia, au yeye ana la kukwambia?"

"Huyo hana neno," dada alisema. "Nilimsikia mwenyewe kwenye televisheni."